Umeme wa Johannesburg: mpangaji anunue nini kwanza

Mgao wa Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, ulisimama Machi 2024, ukapumzika miezi kumi hivi, kisha 2025 ukapiga hodi tena mara chache. Lakini aliyepanga mitaa ya Yeoville au Berea anajua kuwa giza halina haja ya mgao: nyaya huibwa, transfoma hulipuka, mtaa unalala bila umeme. Na mitambo inayosukuma maji kutoka bonde la Mto Vaal hadi jiji lililo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari ikikosa umeme, bomba nalo linakauka. Nimepanga orodha hii kwa ajili ya mpangaji, mtu ambaye mwakani huenda akahama na hana ruhusa ya kutoboa ukuta wa mwenye nyumba.

1. Madumu ya maji. Yale ya lita 25, matatu yanatosha watu wawili kwa siku mbili tatu. Hapa hakuna wa kumfundisha mwenzake, ila chagua yenye koki chini, na usichukue dumu lililowahi kubeba kemikali hata ukiapiwa kwamba limeoshwa.

2. UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba inayoshika kazi umeme ukikatika. Kwa anayefanya kazi mtandaoni, chini ya randi elfu moja huwezi kupata kitu chenye faida zaidi. Inakaa kati ya chaja na ruta. Umeme ukizima, intaneti inaendelea bila kukatika. Geuza ruta usome volti zake, nyingi ni 12. Kisanduku cha faiba kilicho ukutani nacho kina chaja yake, kwa hiyo tafuta UPS yenye matundu mawili, la sivyo ruta itawaka na intaneti isiwepo. Halafu kuna ujanja wa namba. Iliyoandikwa 8,800 mAh imepimwa kwa volti 3.7 za seli za ndani. Ukizidisha unapata wati-saa 32 tu. Ruta na kisanduku vikila wati 12 kwa pamoja, una saa mbili na nusu hivi. Muuzaji atakuambia siku nzima.

3. Gadi ya friji na balbu za kuchaji. Friji nyingi haziuawi na giza, zinauawa na umeme unaporudi kwa kishindo. Usiibebe gadi kutoka Dar es Salaam wala Nairobi: soketi za huku ni za matundu matatu makubwa ya duara. Balbu za kuchaji weka mbili, jikoni na bafuni.

4. Jiko la gesi la mtungi mdogo. Kama unaishi ghorofani, muulize kwanza mwenye nyumba, majengo mengine hayaruhusu. Mengine unayajua.

5. Betri ya kubebeka ya lithiamu, yenye inveta ndani, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Hapa ndipo hela inapokwenda, kwa hiyo usinunue kwa macho. Yenye wati-saa 1,000 itabeba friji ndogo, televisheni na taa jioni nzima. Birika la umeme hula wati 2,000, basi lisahau, pamoja na hita na pasi. Kwenye lebo tafuta herufi LiFePO4; aina hiyo huchajiwa maelfu ya mara kabla ya kuchoka. Siku ya kuhama unaibeba mkononi.

6. Inveta ya toroli, kisanduku chenye magurudumu na betri ya jeli ndani. Ni rahisi dukani, lakini hesabu yake haikai sawa. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, na ukiipenda utatumia nusu tu. Kujaa inachukua saa nane au zaidi. Wakati wa mgao mkali wa 2022 na 2023 umeme ulikuwa ukirudi na kuondoka kabla betri haijajaa, na betri ya namna hii ikikaa nusu tupu kila siku hufa mapema. Ukikuta mtu anaiuza ya mkono wa pili kwa bei ya kutupa, mwachie.

7. Jenereta. Mwenye saluni au bucha yenye uwanja ana sababu. Wa ghorofani hana, hata akiiweka kwenye baraza: kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi wake, haina harufu, na majirani watakuitia polisi kwa kelele tu.