Kucha yenye fangasi na kucha iliyoumia

Zote mbili hubadilika rangi, na watu wengi hununua dawa ya fangasi kwa kucha iliyogongwa tu na kiatu cha mpira.

Kucha iliyoumia hugeuka nyekundu iliyokoza au nyeusi ghafla, na alama husogea mbele kadiri kucha inavyokua. Subiri tu, kucha ya kidole gumba cha mguu huchukua miezi 12 hadi 18 kuota upya. Lakini ukiona mstari mweusi unaopanuka bila kucha kugongwa, mwone daktari mapema.

Fangasi haina haraka. Huanzia nchani au pembeni: rangi ya manjano au nyeupe, kisha kucha inanenepa, inamong'onyoka, na chini yake hujaa ungaunga. Mara nyingi ngozi katikati ya vidole nayo huwasha na kubanduka. Kabla ya kumeza vidonge vya miezi, omba kipande kipimwe maabara.

Kinga nayo hutofautiana. Kwa kuumia, viatu visivyobana. Kwa fangasi, kausha katikati ya vidole, vaa kandambili kwenye bafu za pamoja, na usiazimane kikata kucha, hata na ndugu.