Albamu Mpya za Wakongwe wa Roki: Ununue Nakala Ipi?

Lalamiko la wasomaji ni lilelile. Albamu mpya ya mkongwe imenunuliwa kwa hamu, ikifika wimbo wa tatu masikio yamechoka, na lawama zinaangukia spika au uzee wa mwimbaji. Mara nyingi koo ni zima na spika ni nzima. Sauti ndiyo iliyokandamizwa studio: sehemu tulivu zimepandishwa, vilele vimekatwa, ili wimbo usikike mkubwa kuliko wa jirani. Ngoma inakosa nafasi ya kuruka juu ya gitaa.

Kesi maarufu ni Death Magnetic ya Metallica, 2008. Nyimbo zake zilitoka pia kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero bila kukandamizwa kiasi kile. Mashabiki wakalinganisha, na maelfu wakatia saini kutaka albamu ichanganywe upya. Bendi ya Rush ndiyo iliyorudi studio: Vapor Trails ya 2002 ilichanganywa upya ikatolewa tena 2013.

Basi kabla ya jalada na bei, pima. Pakua foobar2000, programu ya kompyuta ya kucheza muziki, haina malipo, pamoja na kiongezo chake cha kupima DR, yaani pengo kati ya vilele na sauti ya kawaida ya wimbo. Kwa roki, 10 kwenda juu ni raha, 8 inavumilika, 5 au 6 ni maumivu ya kichwa. Njia nyingine ni kufungua wimbo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti: mchoro ukijaa kama tofali mwanzo hadi mwisho, na ukivuta karibu vilele vikawa tambarare kama vimepigwa panga, umeshajua.

Sasa nakala zenyewe. Namba moja ni faili la FLAC la kununua, yaani faili lililopunguzwa ukubwa bila kupoteza sauti, na duka ni Qobuz la mtandaoni. Upendeleo siufichi: unalipa mara moja, faili linabaki lako, na unaweza kulipima. Duka haliuzi kila nchi, kwa hiyo walioko Ulaya na Marekani ndio watakaofaidi zaidi. Chukua faili la biti 16 kwa 44.1 kHz, kipimo kilekile cha CD, ambalo kwa albamu ya dakika 48 ni kama MB 350. La biti 24 kwa 96 kHz hukaribia GB 1, na masta (rekodi ya mwisho ya studio inayotolewa nakala) iliyokandamizwa haiponi kwa kuhamia nyumba kubwa.

Namba mbili, CD. Inyonye kwenye kompyuta kwa programu ya Exact Audio Copy, unapata FLAC ileile. Wa kupigiwa mfano ni mwimbaji Peter Gabriel: albamu yake i/o ya 2023 ina CD mbili zenye nyimbo zilezile 12, moja imechanganywa na Mark "Spike" Stent, nyingine na Tchad Blake. Anza na ya Blake, inayoitwa Dark-Side.

Santuri naiweka ya tatu, wapenzi wake wanisamehe. Upande mmoja kwa mizunguko 33⅓ unapendeza ukiishia dakika 20 hivi. Ukizidi sana, mifereji inabanwa, sauti inachongwa kwa kiwango cha chini, mikwaruzo inasikika, na nyimbo za karibu na kitovu huchafuka kwenye herufi "s". Usidanganywe na DR kubwa iliyopimwa kwenye santuri: uchongaji wa mifereji na sindano hubadilisha umbo la mawimbi, kipimo kikapanda hata kama masta ni ileile ya CD.

Kusikiliza mtandaoni kunatosha kuonja. Spotify hushusha nyimbo zenye kelele zilingane na nyingine, na hapo albamu iliyokandamizwa huumbuka. Ukitumia Bluetooth, usilipie ubora wa juu, kwa kawaida haufiki wote masikioni.

Tukija kwenye bei, hasira ni halali. Hackney Diamonds ya Rolling Stones ilitoka 20 Oktoba 2023, nyimbo 12, dakika 48 kwenye santuri moja, yaani kama dakika 24 kila upande, ikauzwa kwa rangi na majalada chungu nzima. Tarehe 15 Desemba ikarudi na CD ya pili ya nyimbo 7 za jukwaani New York. Aliyewahi mapema alipe tena? Wauzaji nao huandika "toleo adimu" juu ya rangi ya plastiki, wakakaa kimya kuhusu masta. Muulize muuzaji santuri ilichongwa kutoka masta ipi. Akijibu kwa kutaja rangi, funga ukurasa, na ikiwa ni bendi kubwa subiri miezi miwili.