Nyota nne kwa kobe, moja kwa fisi

Nianze na yale ambayo wengi huuliza kwanza. Bustani ya wanyama iko nje kidogo ya Mtwara mjini. Kwa bajaji tulilipa Sh 8,000 watu wanne, kiingilio Sh 5,000 mtu mzima na Sh 2,000 mtoto. Baba yangu, ambaye ana miaka sabini na kitu, walimpitisha bure bila sisi kuomba. Choo kipo na maji yanatoka. Maji ya kunywa bebeni ya kwenu, maana mle ndani chupa ndogo inauzwa bei ya kubwa. Jina la mahali silitaji. Nina ya kulaumu, na vijana wanaofanya kazi pale si wao waliojenga yale mabanda.

Tulikwenda Idi Pili, na hilo kosa ni langu. Siku hiyo kila mtoto mwenye nguo mpya yuko pale, maputo yanapasuka, spika ya dukani inapiga singeli. Ukitaka kuona wanyama nenda siku ya kazi asubuhi. Ukitaka kuona watu nenda Idi.

Baba nilimleta kutoka kijijini, upande wa Newala, aje kula sikukuu na sisi. Ni mtu wa korosho na muhogo, na kwake wanyama ni wa aina mbili: wanaoliwa na wanaokula. Alianza palepale mlangoni. Kwenye kanga akasema mchuzi wake unataka nazi. Kwa paa, nyama laini, ila usichelewe kumchuna. Kwa nungunungu alisimama kabisa, akaniambia polepole kama anayetoa siri ya ukoo kwamba utamu wote uko kwenye ngozi, ikibabuliwa vizuri. Binti yangu wa miaka 6 akamuuliza, "Babu, wote hawa ulishawala?"

Akajibu, "Tausi bado."

Sehemu iliyonifurahisha ni ya kobe. Ni uwanja mpana chini ya mwembe, una mchanga wa kujichimbia na beseni la saruji lenye ukingo mfupi, kobe anaingia na kutoka mwenyewe bila kupinduka. Kijana wa zamu anakaa mle ndani na watoto, anawagawia mchicha wa kulisha, na ukimnyanyua kobe anakugombeza hata kama wewe ni mama mtu mzima (aliyegombezwa ni mimi). Mwanangu wa kiume akauliza kobe akivua gamba anakuwaje. Yule kijana akaleta gamba tupu la kobe aliyekufa zamani, akaligeuza, akawaonyesha uti wa mgongo na mbavu zilivyoshikana nalo kwa ndani, kama boriti na paa. Havui. Ukimvua umemuua. Watoto wakapitisha vidole kwenye zile mbavu, mmoja mmoja, wametulia kimya. Mimi biolojia niliisoma ubaoni miaka minne na hicho kitu sikuwahi kukishika. Hapo hela yangu ya mlangoni ilikuwa imesharudi.

Kwa chatu ni biashara tu. Sh 3,000 unavalishwa shingoni na unapigwa picha kwa simu yako mwenyewe. Anayemshika anajua kazi, na chatu hana sumu, kwa hiyo kwa upande wetu sikuona hatari. Lakini chatu ni mmoja, foleni ndefu, jua la saa sita, na kila mtu anamshika kwa mikono yenye marashi na mafuta ya pilau. Nyoka hana namna ya kupiga kelele. Nikatoka kwenye foleni, watoto wakanuna mpaka tulipofika kwa tumbili.

Tumbili wako kama sita, banda refu lenye matawi na matairi ya kuning'inia, si baya. Pameandikwa USILISHE WANYAMA, na chini ya hayo maandishi watu wanarusha biskuti. Tukiwa pale, kijana wa usafi akapita kwa nyuma akiburuta mpira wa maji kwenye majani. Tumbili mmoja akatoa sauti fupifupi za kukatakata, na wote wakasimama kwa miguu miwili, macho chini, wanatafuta. "Wamesema nyoka," baba akasema. Nikadhani anawatania watoto. Akasema shambani ukisikia ile unaangalia unapokanyaga. Ile nyingine, ya kubweka, ni chui, na hiyo unaangalia kwingine. Usiku nyumbani nikatafuta kwenye simu. Kumbe watafiti waliokaa na tumbili Amboseli, Kenya, waliandika mwaka 1980 kwamba wana mlio wa chui, wa tai na wa nyoka, kila mmoja mbali, na kwa ule wa nyoka husimama wima na kutazama ardhini. Baba hajawahi kufika Amboseli.

Kuna kibao cha SIMBA lakini banda ni tupu, majani yameota ndani. Watu walikwenda dirishani kudai warudishiwe hela. Sisi hatukwenda. Baba alikuwa ameshageuza mgongo. Miaka ya nyuma, miezi ya kuvuna, alilala juu ya dungu ili nguruwe pori wasimalize shamba, na mwenzake wa shamba la tatu kutoka letu alichukuliwa na simba usiku akiwa amelala. Kijijini walisema ni simba wa kutumwa. Baba hajawahi kusema ndiyo wala hapana. Hatukuwa peke yetu: watafiti walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba nchini kuanzia mwaka 1990 hadi 2004, na mikoa yetu ya kusini ni kati ya iliyoumia sana. Wakasema na lile ambalo wazee walilijua, kwamba nguruwe pori ndiye anayewatoa watu nyumbani wakalale mashambani, na simba naye anamfuata huyohuyo nguruwe. Kwa hiyo mtu wa mjini akitaka kumwambia mzee wa Newala ampende simba, aanze na pole.

Sasa fisi.

Yuko mwisho kabisa, baada ya bwawa la mamba, ambalo nalo maji yake yamegeuka kijani kama mlenda. Banda ni la nondo. Nilihesabu hatua zangu kwa nje: kumi kwa saba. Fisi ni mmoja. Alikuwa anatembea kufuata ukingo, na mahali anapopita ardhi imechimbika, kijia kama cha ng'ombe wanaokwenda kisimani, ila hiki hakifiki popote. Akifika kwenye pembe ya kushoto anainua kichwa kidogo, anageuka, anaendelea. Kila mara pembe ileile, kichwa kilekile. Mwanangu alihesabu mizunguko 34 akachoka. Fisi hakuchoka.

Watu walikuwa wanacheka. Fisi kwetu hana bahati: kwenye ngano ndiye mwenye tamaa, na usiku ndiye usafiri wa wachawi. Jamaa mmoja alikuwa anamwita kwa jina la mama mkwe wake na rafiki zake wanarekodi. Nami nilicheka kidogo, nisijifanye. Ila nilishasoma kwamba fisi madoa ni mnyama wa ukoo hasa, anaishi kundini, majike ndio watawala, na usiku mmoja anatembea kilomita nyingi. Kumweka peke yake kwenye hatua kumi kwa saba ni kifungo cha upweke, hata angelishwa ng'ombe mzima kila siku.

Baba hakusema habari ya nyama. Alichuchumaa mbele ya uzio, akamtazama muda mrefu, halafu akauliza, "Huyu anakwenda wapi?" Hakuna aliyemjibu. Akamtaja yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini.

"Huyu wanamlisha, baba," nikasema.

"Ndiyo. Wanamlisha."

Nikamwendea mhudumu, na sikwenda kwa upole. Alinisikiliza, kisha akanieleza. Leseni ipo, imebandikwa dirishani, na kweli nilipotoka niliiona. Fisi aliletwa mdogo, mama yake alikufa kwenye mtego. Hajui ukoo, hajui kuwinda. "Dada, ukimwachia leo, kesho yuko kwa mbuzi za mtu, keshokutwa kala nyama ya sumu." Chakula anapata. Daktari wa mifugo anakuja. Kinachohitajika ni uzio mara tano ya huo na mwenzake wa kuishi naye, na mwenye bustani anajenga sehemu ya pembea kwanza, kwa kuwa pembea ndizo zinazoleta watu. Sikuwa na la kumjibu, maana wanangu wenyewe walishaniuliza mara tatu pembea ziko wapi.

Mambo haya yanabadilika, ila kwa mwendo wake. Nikiwa chuo Mwanza nilifika kisiwa cha Saanane. Kilianza mwaka 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Unatembea juu ya majabali na pimbi na swala unakutana nao njiani. Siwezi kusema huku kwetu tuige, hatuna kisiwa kama kile. Lakini lile eneo la kobe linaonyesha wakitaka wanaweza.

Nami nina yangu. Nilipokuwa darasa la tatu baba alituletea mtoto wa tumbili kutoka shambani, mama yake aliuawa akiiba mahindi. Tulimfunga kamba kiunoni chini ya mkorosho, tukamwita Kasimu. Alikula ugali, alikula mabibo, alimtoa kaka yangu chawa kichwani. Siku hizo hakuna aliyetwambia ni nyara za serikali na kwamba kumfuga bila kibali ni kesi. Kamba ilimkata kiunoni, tukakipaka kidonda majivu, tukamfunga tena juu kidogo. Asubuhi moja tulimkuta upande wa pili wa ua. Aliruka, kamba haikufika chini.

Nimempa kobe nyota nne, tumbili tatu, fisi moja, na hiyo moja ni ya yule mhudumu aliyenijibu bila hasira. Nendeni, wapelekeni watoto kwa kobe, ya chatu ruka, na mkipita dirishani ulizeni uzio wa fisi utajengwa lini. Mimi nimeuliza. Wakiulizwa na watu hamsini huenda pembea zikasubiri.

Kwenye bajaji watoto walilala kabla hatujafika lami. Baba alikuwa kimya, nikajua amechoka na jua. Halafu akaniuliza, "Ile kamba ya Kasimu ilikuwa na urefu gani?"

Nikamwambia sikumbuki vizuri, labda kutoka pale tulipokaa mpaka kwenye usukani wa dereva. Akanyoosha mkono, akaugusa ubao wa nyuma ya kiti cha dereva, akauacha hapo mpaka tulipofika nyumbani.