Zambezi kwa mtumbwi, Chirundu hadi Mana Pools: pesa yako inakwenda kwa mwongozaji

Kwa anayependa wanyama na hana shida ya kulala kwenye hema, hii ni safari ya kuwekea akiba. Ni siku 4 za kupiga kasia katika Mto Zambezi, kutoka mji wa mpakani wa Chirundu hadi Hifadhi ya Taifa ya Mana Pools, mkondo ukikusaidia, upande wa Zimbabwe. Tembo wanavuka mto mbele yako, nyati wanalisha visiwani. Lakini usichague kampuni kwa bei. Mitumbwi karibu yote ni ileile, ya faibaglasi, watu wawili wawili, mizigo mizito katikati ili isiyumbe, mwenye nguvu zaidi akikaa tezi, yaani nyuma. Kinachotofautisha ni mwongozaji.

Mwangalie anavyowapita viboko. Kiboko akishtuka hukimbilia kilindini, na ukimzibia njia hiyo atapita juu yako. Kwa hiyo mwongozaji mzuri hutangulia, hushika maji ya kina kifupi kando ya ukingo, wengine wakimfuata mmoja mmoja, naye hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia. Viboko wakisikia huibuka, akajua walipo. Kama awali alihesabu vichwa 6 na sasa anaona 5, hasogei. Kiboko hukaa chini ya maji dakika 5 hivi, na huyo asiyeonekana ndiye wa kuhofiwa. Ukiona mkunjo wa maji unakuja mbio na juu hakuna kitu, ujue yuko chini anakimbia.

Ukingo nao una hatari yake. Penye matete marefu, au njia iliyochimbika ya viboko kushukia mtoni, aliyeko nchi kavu anaweza kuporomoka na kukuangukia. Hapo msafara hukaa mbali kidogo. Mtumbwi ukipinduliwa, usiung'ang'anie: kiboko huuandama wenyewe, wewe ogelea ufukoni haraka.

Kwa mamba, mikono na miguu ibaki ndani. Kuoga ni juu ya fungu la mchanga, maji ya kifundo cha mguu, yanayoonesha chini, na mtu amesimama akilinda. Usiku hema lifungwe zipu hadi mwisho. Machungwa na ndimu acheni nyumbani, tembo wa Mana huyafuata kwa harufu.

Upepo ndio unaowachosha watu kuliko wanyama. Mchana huvuma kutoka mashariki, usoni kabisa, hasa Agosti na Septemba, hivyo kampuni isiyoondoka alfajiri itawaumiza mabega. Juni na Julai ni miezi mizuri zaidi, ingawa usiku ni baridi. Oktoba joto huvuka nyuzi 40.

Kabla ya kulipa, ulizia leseni ya mwongozaji ya mtumbwi (ya kutembeza watu kwa miguu haitoshi), simu ya setilaiti, na jaketi la kujiokoa kwa kila mtu. Wakisitasita kwa lolote kati ya hayo, tafuteni wengine. Mwenye watoto wadogo aende Ziwa Momela Ndogo, Hifadhi ya Arusha, ambako kuna mtumbwi wa saa chache tu.