Manunuzi ya Ramadhani Mombasa: supamaketi nilizozipanga kwa kibandiko cha bei

Wiki ya mwisho ya Shaabani nilirudi nyumbani na risiti ndefu kama mkono wangu, nikaketi jikoni kuipitia, na hapo ndipo nilipojua nimetozwa shilingi 454 zaidi ya bei nilizoziona rafuni. Mafuta ya kupikia ya lita tatu yalikuwa na kibandiko cha njano kilichoandikwa ofa, 879. Nilichukua madumu mawili. Kwenye kaunta yakapigwa 1,049 kila moja. Unga wa ngano wa kilo mbili ulikuwa 159 rafuni na 178 kwenye risiti, nami nilikuwa nimebeba pakiti sita, maana nyumba yangu mwezi mtukufu haikosi kaimati, na mahamri ya Idi nayo yanakula unga. Shilingi 454 ni kilo mbili za sukari na nazi mbili juu.

Nilirudi dukani siku hiyo hiyo baada ya Alasiri. Kijana wa kaunta alinijibu kwa adabu, "Mama, bei si yetu sisi, ni ya kompyuta." Nikaomba meneja. Akaniambia ofa ile iliisha Jumapili, kibandiko kilisahaulika. Nikamwuliza, mwanangu, aliyesahau ni nyinyi, mbona anayelipa ni mimi? Akanionyesha tangazo ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikatoka mikono mitupu, na saumu ilikuwa bado haijaanza.

Tangu siku hiyo nina daftari. Kila ninaponunua naandika bei ya rafuni upande mmoja na bei ya risiti upande wa pili. Jirani zangu wawili hapa Majengo wameingia kwenye mtindo huo pia, kila mmoja na duka lake alilolizoea. Mpangilio ulio hapa chini umetoka humo.

Hamtasikia kwangu habari za maegesho, baridi ya viyoyozi wala usafi wa sakafu. Hayo kila mtu anayaona kwa macho yake akiingia mlangoni. Hata ile hesabu ya nani rahisi na nani ghali sitaipa nafasi kubwa, kwa sababu baina ya maduka makubwa tofauti huwa ni shilingi chache, na mshindi hubadilika kila wiki. Leo sukari iko chini hapa, Ijumaa ijayo iko chini kule. Watu hukaa na simu wakilinganisha picha za ofa wanazotumiana kwenye makundi ya WhatsApp, huyu anasema unga kule ni 10 pungufu, yule anasema mchele hapa ni 30 pungufu. Bei ya kwenye picha ni ahadi tu. Bei yenyewe ni ile inayotoka kaunta, na ukitaka kulinganisha maduka, linganisha risiti na risiti.

Niliuliza sana kosa hili linatokeaje, na walionieleza ni wafanyakazi wenyewe. Bei ya kompyuta hubadilishwa mara moja, ikafika kaunta zote kwa pamoja. Kibandiko cha rafuni hubadilishwa kwa mkono, kimoja kimoja, na kijana mwenye rundo la karatasi na rafu zaidi ya 50 za kuzunguka kabla duka halijajaa. Bei ikipanda usiku, asubuhi kompyuta inajua na rafu haijui. Ofa ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa zina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na kibandiko cha njano ni rahisi kukiweka kuliko kukumbuka kukitoa. Kisha kuna bidhaa zinazosukumwa mahali si pake. Kibandiko kinasema lita mbili, juu yake pamepangwa madumu ya lita tatu, na maandishi ya ujazo ni madogo hata miwani hayaitikii.

Hayo yote nayaelewa. Nisichokielewa ni kwa nini kosa karibu kila mara huwa upande mmoja. Katika daftari langu, mara moja tu kaunta imenitoza pungufu ya rafu, tena ni kiberiti.

Basi, mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Naivas. Nina mapenzi nayo na sifichi. Ni duka lililoanzia Nakuru mwaka 1990, likakua taratibu mpaka likapita matawi 100, na likabaki limesimama wakati Nakumatt, Tuskys na Uchumi zinaanguka mbele ya macho yetu. Najua tangu 2023 sehemu kubwa ya hisa iko kwa kampuni ya IBL ya Mauritius na wenzake, lakini namna ya kuuza haijapoteza ladha ya nyumbani. Ila mapenzi yangu yamekuja kwa jambo dogo zaidi. Niliona sukari imepigwa juu kwa shilingi 12, nikaenda meza ya huduma kwa wateja na picha ya kibandiko kwenye simu. Dada aliyekuwepo hakubishana nami. Alimtuma kijana aende rafuni, kijana akarudi na kibandiko chenyewe mkononi, nikarudishiwa pesa zangu taslimu, na kibandiko kikatupwa ili mwingine asidanganyike nacho. Dakika tano. Shilingi 12 haikuniongezea utajiri, lakini duka linaloing'oa karatasi yake yenye kosa ndilo duka ninalonunua unga wangu, mafuta yangu na sukari yangu. Kwa bidhaa za kila wiki, anzia hapo.

Ya pili, Quickmart. Hii nayo ina asili ya Nakuru, na baadhi ya matawi yake hukaa wazi usiku kucha. Kwa Ramadhani hilo si jambo dogo. Mimi huenda baada ya tarawehe, watu wamepungua, nikasimama mbele ya rafu bila kusukumwa na troli la mtu, nikasoma kila kibandiko mpaka tarakimu ya mwisho. Kaunta pia huwa na nafasi ya kumwambia keshia, "Piga polepole mwanangu, naangalia skrini." Jaribu kumwambia hivyo saa kumi na moja jioni, watu 20 nyuma yako wanakimbilia adhana. Mboga zao napenda pia.

Ya tatu, Carrefour. Jina ni la Ufaransa, anayeliendesha hapa ni Majid Al Futtaim wa Dubai, na Kenya waliingia 2016 kwa duka la Karen, Nairobi. Ofa zao ni nyingi na bidhaa za chapa yao wenyewe hupunguza gharama kwa mtu mwenye familia kubwa. Mbona basi ni ya tatu? Kwa sababu mimi naishi kisiwani na Carrefour ninayoijua iko City Mall, Nyali. Ukienda huko unavuka daraja, na ukigundua kosa la bei ukiwa umeshafika nyumbani, nauli ya tuktuk ya kurudi inakula tofauti yote na kuzidi. Wa Nyali, Bamburi na Kisauni wanaweza kuipandisha nafasi ya pili bila kuniomba ruhusa. Wa kisiwani mwende mara moja kwa mwezi, mnunue vingi, na risiti muisome pale pale kabla ya kutoka.

Ya nne, Chandarana Foodplus. Duka la tangu 1964. Hapo siendi kutafuta rahisi, naenda nikihitaji jibini, viungo vya Kihindi au kitu cha mgeni wa Idi. Lakini lina faida moja kwa mtu mwenye ugonjwa wangu wa vibandiko: nikiingia sizungukwi na karatasi za njano kila hatua. Penye ofa chache, vibandiko vilivyopitwa na siku navyo ni vichache.

Duka la jumla ni rahisi kwa mchele na sukari ukinunua gunia na jamaa mkagawana. Kongowea kwa mboga na Marikiti kwa tende na viungo, mnapajua. Huko bei ni ya mdomo, mnakubaliana ndipo mkono unaingia mfukoni, kwa hiyo kosa la kibandiko halipo. Tende hasa msinunue supamaketi. Nazi pia.

Sasa namna ninavyonunua siku hizi. Kibandiko chochote cha ofa nakipiga picha, na picha ioneshe bidhaa pamoja na bei, si bei peke yake. Chini ya kibandiko huwa kuna namba. Nalinganisha tarakimu zake nne za mwisho na zile zilizo chini ya mistari myeusi ya msimbo kwenye pakiti. Zikitofautiana, kibandiko hicho ni cha kitu kingine. Kaunta naweka vitu vya ofa mwanzo, kabla sijachoka na kabla keshia hajashika kasi, na macho yangu yako kwenye skrini, si kwenye mfuko. Bei ikitoka tofauti nasema hapo hapo, "Hicho kiweke kando." Kabla ya kulipa una nguvu. Ukishalipa unaanza kuomba.

Ukiambiwa tofauti ni kodi, usikubali. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida hutozwa VAT ya kiwango cha sifuri, na vile vyenye VAT ya asilimia 16, kama mafuta ya kupikia, kodi yake iko ndani ya bei tangu zamani, haikuzaliwa kati ya rafu na kaunta.

Na lile tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" lisikutishe. Wewe hurudishi bidhaa, unadai bei uliyotangaziwa. Kifungu cha 46 cha Katiba kimetupa wanunuzi haki ya kupata maelezo yanayotuwezesha kufaidi tunachokinunua, na haki ya fidia tukipata hasara. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inahesabu kuwa ni maelezo ya uongo kusema pana nafuu ya bei wakati nafuu hiyo haipo. Malalamiko hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Ningeyajua haya siku ile mbele ya meneja, nisingetoka kimya.

Kuna jambo jingine linaniumiza nalo ni hizi bei za tisa. Kila kitu ni 159, 249, 879. Aliyekuwa na sarafu ya shilingi moja mara ya mwisho ni nani? Ukilipa taslimu 160 kwa kitu cha 159, keshia hana shilingi ya kukurudishia, wala haoni haya kutokuwa nayo. Kama duka halina sarafu za shilingi moja, basi lisiandike bei inayohitaji shilingi moja. Liandike 160 tujue. Mimi sasa nalipa kwa M-Pesa kwenye till, ambako shilingi inakatwa kamili na mteja hatozwi ada ya kulipa. Mama mzee anayekuja na noti zake mfukoni ndiye anayeachia shilingi kila siku, na ndiye anayezihitaji zaidi.

Na maziwa! Pakiti tuliyoizoea kuwa nusu lita, leo nyingine ni mililita 450, nyingine 400, zimepangwa rafu moja na rangi zinakaribiana. Hapo kibandiko kinasema kweli na bado unapunjwa, kwa sababu unalinganisha bei za vitu visivyo sawa. Pakiti tano za mililita 400 ni lita mbili. Pakiti tano za nusu lita zilikuwa lita mbili na nusu. Chai ya daku inajua tofauti hiyo kabla yako wewe. Gawanya bei kwa ujazo, simu yako ina kikokotoo.

Kwa atakayeniuliza orodha yangu ya wiki hii: unga wa ngano, mafuta na sukari Naivas, asubuhi ya Jumanne, maana ofa zilizokwisha Jumapili huwa zimeshapata siku nzima ya kung'olewa. Maziwa na mboga Quickmart, usiku. Tende robo tatu ya kilo Marikiti, na mchele tumeshagawana na jirani zangu gunia la jumla, kila nyumba ikapimiwa mbele ya macho ya wote watatu.