Upepo wa satelaiti na upepo wa mlingotini: uzoefu wangu kati ya Dar na Salalah

Niseme mapema: data za upepo za ASCAT, rada ya satelaiti, ni nzuri, ni za bure, na kwenye bahari kuu naziamini kuliko kipimaupepo cha meli niliyomo. Nazipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya pwani.

Mimi ni ofisa wa pili kwenye meli ya mizigo inayotoka Dar es Salaam, inapitia Mombasa, na mara nyingine inapanda hadi Salalah, Oman. Kupanga njia ni kazi yangu, na njia hiyo msimu wa kusi haina mchezo. Kuanzia Juni hadi Agosti, ukishaikaribia Ras Hafun ya Somalia mpaka ukipite kisiwa cha Sokotra, upepo wa noti 30 ni jambo la kawaida. Ofisini wakilalamikia mafuta, sisi hujibu "upepo". Basi huo upepo inabidi tuwe tumeupima sawasawa, la sivyo jibu letu halina miguu.

Kwa asiyeijua, ASCAT ni rada iliyobebwa na satelaiti za Ulaya za MetOp. Zinazofanya kazi ni MetOp-B iliyorushwa 2012 na MetOp-C ya 2018; ile ya kwanza, MetOp-A, ilistaafishwa 2021. Rada hiyo haiuoni upepo wenyewe. Inapiga mawimbi ya redio juu ya bahari na kupima mwangwi unaorudishwa na viwimbi vya sentimita chache, vile vinavyoifanya bahari kuwa na mikwaruzo upepo ukiigusa. Kutokana na mwangwi huo hukadiriwa upepo wa mita 10 juu ya maji. Wanaochakata ni KNMI, taasisi ya hali ya hewa ya Uholanzi. Mimi huzichukua kupitia Copernicus Marine, huduma ya Ulaya ya data za bahari: unajisajili bila malipo, unakata eneo lako peke yake, unapakua. Kwa intaneti ya meli, hilo la kukata eneo ni neema.

Mtego mmoja kwenye faili. Sisi mabaharia upepo tunautaja kwa unakotoka. Faili za ASCAT zinauandika kwa unakokwenda. Kusi safi utaikuta imeandikwa nyuzi 0, wala si 180. Na kasi iko kwa mita kwa sekunde. Zidisha kwa 1.94 upate noti.

Upande wa saa, sisi wa huku tuna bahati. MetOp hukata ikweta kama saa tatu na nusu asubuhi na saa tatu na nusu usiku kwa saa za jua za mahali husika. Ripoti za hali ya hewa za meli hutumwa kila baada ya saa sita kwa saa za kimataifa, na kwa saa zetu mbili kati ya hizo zinaangukia saa tatu asubuhi na saa tatu usiku. Kwa hiyo kinachoandikwa kitabuni kinakutana na satelaiti karibu muda uleule, siku ambayo imepita juu yenu. Siku nyingine haipiti, maana ASCAT inaona mikanda miwili yenye upana wa takriban kilomita 550 kila mmoja, na katikati inaacha pengo la takriban kilomita 700. Ukiwa ndani ya pengo, huna lako.

Pwani ndipo inaponiangusha. Mlango kati ya Unguja na bara una upana wa kilomita 40 hivi, na data hizi huishia kilomita 15 hadi 20 kabla ya nchi kavu kwa sababu mwangwi wa ardhi unauharibu wa maji. Piga hesabu mwenyewe uone kinachobaki katikati. Tena upepo wa pwani hupamba moto alasiri, saa ambayo MetOp haipo. Kwa safari za ndani ya mlango, sahau ASCAT. Fuata taarifa ya TMA, mamlaka ya hali ya hewa Tanzania, na macho yako.

Sasa turudi nje. Wengi wakikuta satelaiti na meli hazikubaliani, wa kwanza kushukiwa ni satelaiti. Mimi huanza na meli. Chukua tunapanda kaskazini kwa noti 12, na kusi ya noti 18 iko tezini, yaani nyuma yetu. Pale juu upepo unaosikika ni noti 6 tu, na kwetu kipimaupepo kimefungwa juu ya paa la briji, mbele ya dohani. Vikombe vyake vinazunguka kwa uvivu katikati ya moshi wa moto. Dohani ikila noti 3, skrini ya upepo brijini inajumlisha 3 zilizobaki na 12 za mwendo wa meli, inatangaza 15. Wakati wa kurudi, upepo uleule unatupiga omoni, yaani kwa mbele, kwa noti 30, tena paa la briji huukimbiza kidogo, na sasa meli ndiyo inayozidisha. Satelaiti haijui meli imeelekea wapi. Tofauti inayogeuka pale meli inapogeuka, hiyo ni ya meli.

Kuna na kimo. Kipimaupepo chetu kiko kama mita 25 juu ya maji, na huko juu upepo ni mkali kuliko wa mita 10. Kwa bahari ya kawaida nazidisha kwa 0.92: noti 20 za mlingotini zinakuwa 18 na kitu. Sijui kwa nini maofisa wengi huliruka hili, ni hesabu ya nusu dakika.

Lakini lililonikamata hasa ni mkondo. Msimu wa kusi maji ya pwani yetu yanapanda kaskazini pamoja na upepo, na yakishaingia Somalia yanaweza kupita noti 4. Viwimbi huzaliwa na upepo unaokwaruza maji; maji yakikimbia njia ileile, mkwaruzo unapungua. Upepo wa noti 25 juu ya mkondo wa noti 4, satelaiti itauona kama 21. Haijakosea, imepima upepo dhidi ya maji, sisi tukaupima dhidi ya ardhi.

Serehangi wetu, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, mtu wa makamo aliyeanzia kwenye majahazi, hupima kwa jicho. Siku moja mkondo ukiwa mkali, skrini ikisema 25, nikamuuliza, "Mzee, leo ngapi?" Akatazama povu tu. "Sekondi, leo tano nzito." Tano ya Beaufort, kile kipimo cha nguvu ya upepo, ni noti 17 hadi 21, skrini ilikuwa inasema sita. Faili la asubuhi ile lilikubaliana na mzee, na si ajabu, kwa kuwa yeye na rada wote wanasoma uso wa maji.

Wanaotumia ERA5, upepo wa modeli ya kompyuta ya kituo cha Ulaya cha utabiri, kumbukeni mambo mawili. Upepo wake umehesabiwa dhidi ya ardhi, kwa hiyo mkondo haupunguzwi kama kwenye ASCAT. Pili, modeli hiyo imekwishalishwa data za satelaiti na ripoti za meli, hivyo si shahidi huru wa kuamua nani mkweli. Nyavu yake yenye nukta kila kilomita 31 nayo ni pana mno kwa visiwa vyetu.

Kuhusu mvua sina malalamiko makubwa. Rada za bendi ya Ku, yaani zenye mawimbi mafupi kuliko ya ASCAT, kama zilizo kwenye satelaiti za HY-2 za China na Oceansat za India, mvua huzichafulia zaidi. ASCAT huvumilia, ila ndani ya wingu la ngurumo upepo hugeuka kila baada ya maili chache, na kisanduku cha kilomita 25 hakiwezi kuonyesha hilo.

Mwenye kutaka kulinganisha kwenye meli yake, aingie kwanza kwenye mipangilio ya skrini ya upepo aone inachukua kasi ya GPS, inayopimwa dhidi ya ardhi, au ya logi ya majini, inayopimwa dhidi ya maji. Ukilinganisha na ASCAT weka logi, na ikiwa ni modeli rudisha GPS. Yetu ilikuwa GPS, na hakuna hata mmoja brijini aliyejua ni nani aliyeichagua.