Kusafiri bila Nauli Luxemburg: Tathmini kwa Anayehamia

Tangu tarehe 29 Februari 2020, abiria wa Luxemburg halipi nauli kwenye basi, treni wala tramu ndani ya mipaka ya nchi hiyo, isipokuwa yule anayetaka kukaa daraja la kwanza la treni. Ulaya ilikuwa imekwisha kulijaribu jambo hili, kwa kuwa mji wa Tallinn, Estonia, uliwafutia nauli wakazi wake mwaka 2013. Lakini Luxemburg ndiyo nchi ya kwanza kulifanya nchi nzima, tena kwa yeyote anayepanda, awe raia, mkimbizi, mtalii au mfanyakazi aliyevuka mpaka asubuhi ile ile. Malta ilipofuata mwaka 2022, ilitaka abiria awe na kadi iliyosajiliwa kwa jina lake. Luxemburg haidai kadi, na kwa mtu ambaye bado anahangaikia chumba, hana akaunti ya benki wala hajamaliza kujiandikisha manispaa, tofauti hiyo ina uzito kuliko zile euro mbili zilizokuwa bei ya tiketi ya saa mbili.

Ndiyo maana naona kwamba kuisifu huduma hii kwa kuwa ni ya bure tu ni kuipunja. Mgeni katika miji mingi ya Ulaya huteswa zaidi na kanuni za tiketi: eneo gani la nauli, mashine ipi ya kugongesha, na faini ya mkaguzi ambaye hasikilizi kwamba hukuelewa. Hapa hofu hiyo haipo. Ukipanda basi lisilo lako unashuka kituo kinachofuata na kurudi, na umepoteza muda tu. Nimeutumia usafiri huu kiangazi na majira ya baridi, na kwa maoni yangu hakuna njia nzuri zaidi ya kuujifunza mji.

Sehemu iliyokamilika kuliko zote ni tramu. Mji mkuu ulikuwa umeing'oa tramu yake ya zamani mwaka 1964, ukairudisha Desemba 2017, na tangu tarehe 2 Machi 2025 reli yake inafika uwanja wa ndege wa Findel. Anayeshuka kwenye ndege na masanduku yake hupanda hapo nje na kufika stesheni kuu kwa takriban nusu saa, akipita mtaa wa Kirchberg penye Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya na majengo mengine ya Umoja huo, kisha kituo cha Hamilius katikati ya mji na daraja la Adolphe. (Baiskeli na waenda kwa miguu wana njia yao iliyoning'inizwa chini ya daraja hilo, na inafaa kwenda kuitazama hata kama huna baiskeli.) Katikati ya mji hakuna nyaya juu ya reli, tramu hutembea kwa umeme iliouhifadhi yenyewe na kujichaji inaposimama vituoni. Siku za kazi husubiri kwa dakika chache tu, na sijaona haja ya kuangalia ratiba.

Mgeni anayetazama ramani ya mji mkuu anaweza kudhani kwamba mahali fulani ni jirani, kumbe pako chini ya bonde refu lenye kuta za mwamba. Kwa hiyo lifti nazo ni usafiri wa umma. Lifti ya kioo ya Pfaffenthal, iliyofunguliwa mwaka 2016, inawapandisha watu kutoka bondeni hadi mji wa juu bila malipo, na upande wa pili wa bonde kuna funikula, yaani vibehewa vinavyovutwa kwa kamba kwenye mteremko, inayofika Kirchberg kwa takriban dakika moja. Chini ya funikula kuna stesheni ya treni ya Pfaffenthal-Kirchberg. Anayetoka kaskazini kwenda kufanya kazi Kirchberg ashuke hapo. Akiendelea hadi stesheni kuu atalazimika kurudi kwa tramu njia ile ile, na wageni wengi hufanya hivyo kwa miezi kabla ya mwenzao kuwaambia.

Treni za shirika la reli la taifa, CFL, hutoka stesheni kuu kama vidole vya mkono. Kusini zinafika Esch-sur-Alzette na Belval, ambako chuo kikuu kimejengwa kando ya tanuri za kiwanda cha chuma cha zamani, mashariki zinafika Wasserbillig, magharibi Kleinbettingen. Njia ya kaskazini ndiyo inayostahili kufikiriwa kwa makini na mtu anayetafuta nyumba. Kodi za nyumba za mji mkuu ni za juu kiasi kwamba hata wenye mishahara mizuri huhamia mbali, na kwa kuwa nauli ya kutoka Ettelbruck, yapata nusu saa, ni sawa na ile ya kutoka Troisvierges, zaidi ya saa moja, yaani hakuna, umbali hauongezi gharama yoyote isipokuwa muda. Familia inaweza kukaa Mersch au Clervaux na watoto wakapanda treni bila mzazi kuhesabu fedha ya mwezi. Hata hivyo, kaskazini kuna treni chache kuliko kusini, na ukarabati wa reli hufanywa mara nyingi wakati wa likizo, ambapo mabasi hushika nafasi ya treni na safari ikarefuka.

Kasoro kubwa iko kwenye mabasi ya vijijini, hasa usiku na Jumapili. Echternach haina treni, Vianden yenye ngome yake haina treni, na vijiji vingi vilivyo kati yake hutegemea basi ambalo mwishoni mwa juma hupita kwa nadra. Nchi nzima ina eneo la kilomita za mraba 2,586 tu, na mgeni huamini kwamba mahali padogo hivyo hapawezi kumwacha njiani. Panaweza. Tena aliyezoea daladala au matatu asitarajie kondakta wa kumwambia ashuke wapi: kituoni unanyosha mkono dereva akuone, ndani unabonyeza kitufe mapema, na usipofanya hivyo basi hupita bila kusimama. Programu ya simu ya mobiliteit.lu hupanga safari vizuri na huonyesha ucheleweshaji, ila ujue kwamba mji mmoja unaweza kuandikwa kwa Kifaransa ramanini na kwa Kiluxemburg kwenye kibao.

Jambo la pili la kuangalia ni mpaka. Wafanyakazi zaidi ya 200,000 huingia kila siku kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, na treni ya kutoka Thionville, mji wa Ufaransa, asubuhi hujaa hadi milangoni. Lakini bure inaishia mpakani. Kituo cha mwisho cha Luxemburg ni Bettembourg kwa anayeelekea Thionville, Wasserbillig kwa anayeelekea Trier ya Ujerumani, Kleinbettingen kwa Arlon na Troisvierges kwa Liège, zote mbili za Ubelgiji. Baada ya hapo unatakiwa uwe umenunua tiketi. Anayetaka kuuona mpaka bila kuuvuka apande basi hadi Schengen, kijiji cha mashamba ya mizabibu kando ya mto Moselle, ambapo mkataba wa mwaka 1985 wa kuondoa ukaguzi wa mipakani kati ya nchi kadhaa za Ulaya ulitiwa saini ndani ya meli. Kwa watu wetu wengi jina hilo ni viza, yaani foleni ya ubalozini na bahasha ya nyaraka, na kulikuta kwenye kibao cha kituo cha basi cha bure kunachekesha kidogo.

Je, mpango huu umepunguza magari? Luxemburg bado ni miongoni mwa nchi za Ulaya zenye magari mengi zaidi kwa idadi ya watu, na foleni za barabarani zipo. Hilo halinishangazi, kwa sababu nauli ilikuwa ndogo tangu zamani na ilichangia chini ya sehemu moja ya kumi ya gharama. Zilizobaki zilitoka, na bado zinatoka, kwenye kodi ambayo mgeni naye ataanza kukatwa kwenye mshahara wake wa kwanza.

Kwa anayeishi mji mkuu, Esch au karibu na stesheni yoyote ya njia kuu, naipendekeza huduma hii bila kusita, na sioni sababu ya kununua gari mwaka wa kwanza. Kwa muuguzi, mpishi au mlinzi anayeingia zamu alfajiri au kutoka usiku wa manane, ushauri wangu ni mwingine: kabla ya kutia saini mkataba wa nyumba, aingize anwani hiyo kwenye programu, achague Jumapili na saa yake halisi ya zamu, kisha aone kama kuna basi.